Dragon Age: mama akitaka kutoa damu yake

Katika Dragon Age: Origins, mchezo wa video wa 2009 uliotengenezwa na BioWare ya Kanada, uchawi wa damu umekatazwa. Lakini kwenye ngome ya Redcliffe mtoto Connor ameingiwa na pepo. Alipatana naye ju ya kuokoa baba yake aliyelishwa sumu. Mchezaji anapashwa kuamua: kumuua Connor, ama kukubali mama yake atoe damu mpaka kufa, ili pepo apiganishwe. Mama mwenyewe njo anaomba vile. Na hapa mambo inakaza: mchawi wa kufanya kazi hiyo ni Jowan, yule yule aliyetoa sumu.

Iko pia njia ya kuita wachawi wa mnara, lakini mchezaji aliyekwisha kukubali wauawe hana wa kuita.