Mwizi Amevunja Nyumba: Nini Kifanyike, na Nini Kiachwe?

SWALI:

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Vidunda, wilaya ya Kilosa. Katika kikoba chetu mimi ndiye ninayetunza sanduku la fedha nyumbani kwangu, na funguo zake wanazo wenzangu watatu. Tulishuka Kidodi kwenye msiba tukalala huko. Tuliporudi tulikuta mlango umevunjwa. Sanduku halipo, simu halipo, paneli ya sola na magunia mawili ya mahindi pia. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Baadhi ya wanakikundi wananitazama kwa jicho lingine, na wengine wanamtaja kijana mmoja jirani yetu. Shemeji anataka twende kwa mganga. Mjomba anasema tusomeshe Albadiri. Tufanye lipi? Na je, fedha za kikundi ni juu yangu kuzilipa?

JIBU:

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Maswahaba zake.

Dada yetu, tunakupa pole wewe na nyumba yako. Tumeona swali lako lijibiwe kwa urefu kidogo, kwa sababu wanaolikabili ni wengi, Vidunda na kwingineko.

Huzuni yako si udhaifu wa imani

Qur-aan katika Suuratul-Baqarah imetuambia wazi kwamba tutajaribiwa kwa khofu, njaa na upungufu wa mali. Aliyeibiwa amepata mitihani hiyo kwa pamoja: mali imepungua, chakula kimechukuliwa, na khofu imeingia ndani ya nyumba. Tunaagizwa kusubiri na kuleta istirjaa. Lakini subira haimaanishi mtu asisikie uchungu. Nabii Ya'qub ('alayhis salaam) alihuzunika mpaka macho yake yakapofuka, na bado alikuwa Nabii. Alipeleka malalamiko yake kwa Mola wake.

Basi usijilaumu kwa kusema, "Lau nisingekwenda msibani." Kwenda kwenye msiba ni haki ya jirani na ndugu. Mwenye kosa ni aliyevunja mlango.

Na kwa wale tuliopanda mazao shambani ipo bishara nyingine. Katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba Muislamu anapopanda mmea, kinacholiwa humo ni sadaka kwake, na hata kinachoibwa humo ni sadaka kwake. Mahindi yale mwizi amebeba dhambi yake, na tunataraji malipo ya jasho lako yapo kwa Allah.

Mambo ya kufanya mapema

Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Kutafuta haki yako kwa njia zilizo sawa hakupingani na kutawakali.

1. Usifagie wala kupanga vitu kabla ya kutoa taarifa. Alama za miguu, komeo lililong'olewa na chombo kilichoachwa ni ushahidi. Mwite mwenyekiti wa kitongoji aone kwa macho yake, pamoja na jirani mmoja au wawili.

2. Toa taarifa polisi. Tunajua kwamba kwa mtu wa mlimani Vidunda, kushuka mpaka bondeni ni safari, hasa masika njia zinapoteleza. Hata hivyo usiiache. Ukifika, hakikisha taarifa imeandikwa na umepewa namba ya RB. Bila namba hiyo, ni vigumu kudai kitu chako hata ukikikuta mikononi mwa mtu.

3. Andika orodha ya vilivyoibwa siku ile ile: aina, rangi, alama, mahali ulikonunua. Kama risiti ya paneli ipo, itafute. Kumbukumbu ya mtu mwenye mshtuko hupotea haraka.

4. Funga laini ya simu. Azima simu ya mwenzako, piga huduma kwa wateja namba 100, waombe wafunge laini na akaunti ya pesa. Mwizi anaweza kukopa kwa jina lako, au kuwaomba pesa ndugu zako akijifanya ni wewe. Baadaye ukirudisha laini, piga *106# uone kama kuna namba nyingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yaani IMEI, huwa imeandikwa kwenye boksi lake. Ipeleke polisi pamoja na maelezo yako. Na wewe unayesoma haya na simu yako bado unayo, bonyeza *#06# leo, uiandike namba hiyo kwenye daftari.

5. Tengeneza mlango kabla ya usiku kuingia, hata kwa mbao na misumari ya kuazima. Nyumba iliyo wazi humnyima mtu usingizi.

6. Ukisikia mali yako inauzwa, usiende peke yako wala usiinunue kimya kimya. Mpe taarifa mwenyekiti na polisi. Na anayenunua kitu huku akijua ni cha wizi, kwa sheria ya nchi ametenda kosa, na kwa sheria ya dini amesaidia dhulma.

Kabla ya kumtaja mtu

Hapa ndipo tunapokuomba utulie sana, dada yetu. Mali inaweza kurudi au kupatikana nyingine. Jina la mtu likishachafuliwa kijijini, halisafishiki kirahisi.

Jambo hili lilitokea Madina, na amelipokea Tirmidhi. Swahaba Rifaa'ah bin Zayd alikuwa na ghala nyumbani kwake. Usiku mmoja likatobolewa, ukachukuliwa unga na silaha. Asubuhi akamweleza mtoto wa ndugu yake, Qataadah bin An-Nu'maan, wakaanza kuulizia mtaani. Dalili zilielekea kwa watu wa ukoo wa Banu Ubayriq, kwani usiku ule moto wao ulionekana ukiwaka. Wao wakamtaja mtu mwingine, Labiid bin Sahl, aliyejulikana kwa wema wake. Labiid alikasirika mpaka akachomoa upanga. Riwaya nyingine zinasema aliyesingiziwa alikuwa Myahudi.

Ukoo wa mwizi ukaenda kwa Mtume (S.A.W.) kumtetea mtu wao, wakadai Qataadah anawatuhumu watu wema bila ushahidi. Qataadah alikemewa kwa kutaja watu bila hoja, mpaka akatamani bora angepoteza sehemu ya mali yake kuliko kulisema jambo lile. Kisha zikateremka aya za Suuratun-Nisaa, kuanzia aya ya 105, zikafichua ukweli: zikakataza kuwatetea wahaini, na zikaeleza uzito wa dhambi ya mtu anayefanya kosa kisha akamtupia asiye na hatia.

Tazama mambo matatu. Kwanza, Qataadah alikuwa na dalili, na mwisho ilionekana zilikuwa za kweli, lakini bado alitakiwa ushahidi. Pili, mwizi aliyekuwa na ukoo mkubwa alitetewa, na asiye na hatia akatupiwa mzigo. Tatu, haki haikuangalia nani ni wetu na nani si wetu. Vidunda Waislamu na Wakristo tunaishi mlango kwa mlango, tunalima pamoja na kuzikana pamoja. Kijana yule, awe wa dini gani, hana hatia mpaka ithibiti.

Kama unayo dalili ya kweli, mfano alionekana na kitu chako, mweleze mpelelezi. Usiieleze kisimani wala kwenye kikao cha kikundi.

Mganga, ramli na Albadiri

Kwenda kwa mganga ili amtaje mwizi haifai kabisa. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi kwa siku arobaini. Na mbali na dhambi, yapo madhara tunayoyaona. Mara nyingi mganga humtaja yule ambaye mteja tayari anamshuku, na kijiji kikagawanyika. Ndiyo maana watu wameziita ramli chonganishi, na mwaka 2015 polisi walifanya msako wa wapigaji wake nchini.

Ama Albadiri, ni kisomo kinachotajwa majina ya Maswahaba wa vita vya Badr, vilivyopiganwa tarehe 17 Ramadhaan mwaka wa 2 Hijria. Kwetu Afrika Mashariki kimezoeleka kusomwa dhidi ya wezi. Masheikh wetu wamehitilafiana. Wapo wanaokisoma kama njia ya kumuomba Allah kwa kutawasali, na wapo wanaokikataza kwa kuwa Mtume (S.A.W.) na Maswahaba hawakukifanya, na kwa kuwa watu wa kawaida hudhani wale mashahidi ndio wanaoadhibu.

Sisi tunaona ukiache. Tuongeze jambo moja ambalo hata anayekiruhusu alifikirie: kikisomwa kisomo kile, kijiji chote hubaki kusubiri nani ataugua. Anayepata malaria wiki ile, au anayefiwa na mtoto, anakuwa ndiye mwizi. Huo si ushahidi, ni dhulma.

Dua unayo. Aliyedhulumiwa hana pazia kati ya dua yake na Allah. Muombe mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, usiku ukiwa kwenye mswala: akurudishie mali yako au akupe bora kuliko hiyo, na akutosheleze na aliyekudhulumu bila wewe kumtaja usiyemjua kwa yakini. Imepokewa na Abu Daawuud kwamba Bibi 'Aaishah (R.A.) aliibiwa kitu akawa anamuapiza mwizi, na Mtume (S.A.W.) akamtanabahisha asimpunguzie mwizi mzigo wake.

Hasira za umati

Akikamatwa mtu, yasije yakatokea yale tunayoyasikia kila mara, kwamba ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaripoti mauaji haya mwaka hadi mwaka. Mtu aliyekwisha kamatwa na kufungwa kamba si tishio tena, na kumuua ni kumwaga damu iliyoharamishwa. Safwaan bin Umayyah aliibiwa joho lake akiwa amelala msikitini. Mwizi alikamatwa, na Safwaan hakumhukumu yeye. Alimpeleka kwa Mtume (S.A.W.), kwa sababu hukumu ni ya mwenye mamlaka.

Sheria ya nchi yetu nayo si laini kwa kosa hili. Kuvunja nyumba usiku kwa nia ya kuiba kunaweza kumfunga mtu hadi miaka 20. Mkimwona mtuhumiwa amerudi kijijini kwa dhamana, msidhani kesi imekwisha. Dhamana si kuachiwa huru. Fuatilieni kwa namba yenu ya RB, na mashahidi wafike mahakamani wanapoitwa.

Fedha za kikundi: nani analipa?

Wewe ulikuwa mwenye kuwekewa amana. Msimamo wa wanazuoni ni kwamba mtunza amana halipi amana ikipotea, isipokuwa kama amefanya uzembe au amevuka mipaka. Uzembe ni kama kuacha mlango wazi, au kuliweka sanduku mahali ambapo hata mali yako usingeiweka. Kuvuka mipaka ni kama kuzitumia fedha zile kwa shughuli zako. Kwa maelezo yako, mlango ulifungwa, funguo hazikuwa kwako, na mali yako imeibwa pamoja na yao. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, huna deni mbele ya sheria ya dini. Kama katiba ya kikundi ina kifungu kuhusu upotevu, kikao kikisome.

Tunashauri uitishe kikao hicho wewe mwenyewe, usisubiri kuitwa. Awepo mwenyekiti wa kitongoji. Peleka namba ya RB, na daftari la hesabu lisomwe mbele ya wote. Mtu akitaka uape kwamba hukufanya khiyana, usikasirike. Kiapo ni kinga kwa mtunza amana.

Na kikundi kijifunze: kiasi kikubwa kisilale nyumbani kwa mtu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuwa na akaunti ya benki au ya simu yenye watia saini zaidi ya mmoja.

Usiku na watoto

Kushtuka kwa kila mlio, kuamka kuangalia komeo, kukosa hamu ya kula, kukasirikia watoto bila sababu, yote haya huwapata wengi baada ya kuvunjiwa nyumba. Mwili bado unalinda. Kwa walio wengi hupungua kadiri wiki zinavyopita. Mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani asichapwe. Mlazeni karibu, mwelezeni kwa maneno mafupi kilichotokea, na mwonesheni mlango mpya unavyofungwa.

Abu Hurayrah (R.A.) alipolinda chakula cha zaka ya Ramadhaan alijiwa na mwizi usiku baada ya usiku. Katika kisa hicho, kilichopokewa na Bukhari, ndipo tunapojifunza kusoma Aayatul-Kursiy wakati wa kulala. Funga komeo, kisha isome pamoja na Suuratul-Ikhlaas, Al-Falaq na An-Naas, na wanao wasikie.

Kwa siku za mwanzo mwombe dada au mama mdogo aje kulala nanyi. Zungumza na unayemwamini. Ukiona mwezi umepita na bado hulali, au moyo unakwenda mbio, au umekata tamaa ya kuishi, usingoje: nenda zahanati, au ushuke hospitali ya Mikumi, ueleze kama unavyoeleza homa. Kutafuta tiba ni Sunnah.

Neno kwa majirani na msikiti

Aliyepatwa na janga likamaliza mali yake ni miongoni mwa watu ambao Mtume (S.A.W.) amewaruhusu kuomba msaada mpaka wasimame tena. Basi asingojewe mpaka aombe. Debe la mahindi kutoka kila nyumba ya jirani, fundi wa kurekebisha mlango, mtu wa kumsindikiza polisi, haya yanawezekana bila mfadhili. Kamati ya msikiti iangalie pia kama anastahiki zaka.

Dada yetu, mwizi amechukua sanduku, simu na mahindi. Amana yako na ujirani wako hajavichukua. Vilinde hivyo, na endelea kumsalimu kijana yule kama ulivyokuwa ukimsalimu.

Tunamuomba Allah akurudishie kilichopotea, au akupe kilicho bora kuliko hicho, na airudishie nyumba yako utulivu.

Na Allah Anajua zaidi.