UMEME UNAOLIWA NA VYOMBO "VILIVYOZIMWA"

Moto wa kuni ukizimwa umezimwa. Kinachobaki mafigani ni majivu, wala hakuna kijiti kinachoendelea kuteketea kwa siri. Kwa mazoea hayo ya kale, neno "kuzima" limehamishiwa kwenye redio, televisheni na kompyuta, na watu huamini kwamba chombo kilichozimwa hakitumii chochote. Imani hiyo ni sahihi kwa taa yenye swichi ya kawaida ukutani. Kwa vyombo vingi vya elektroniki si sahihi hata kidogo.

Televisheni inayozimwa kwa rimoti haina budi kubaki macho. Sehemu yake moja hungojea miali ya infraredi itokayo kwenye rimoti, miali ambayo jicho la binadamu haliioni. Ili miali hiyo itambuliwe itakapofika, sakiti ndogo lazima ilishwe umeme usiku na mchana. King'amuzi nacho huendelea kupokea habari za stesheni. Jiko la maikrowevu huendesha saa yake. Redio kubwa huwasha taa nyekundu. Nishati inayotumika hivyo huitwa umeme wa kusubiri.

Hesabu ya wati chache

Wati moja ni matumizi ya nishati ya jouli 1 kwa kila sekunde. Kilowati-saa, ambayo mnunuzi wa umeme huiita "unit", ni jouli 3,600,000. Chombo kinachotumia wati 5 tu mfululizo kitatumia katika mwaka mmoja wenye saa 8,760:

5 x 8,760 = 43,800 wati-saa, yaani unit 43.8.

Tuseme nyumba moja ina televisheni, king'amuzi, redio kubwa na kidhibiti volti, na kwamba vyote kwa jumla hutumia wati 20 wakati wa kusubiri. Kwa mwezi wa siku 30, kama vyombo hivyo vingeachwa bila kuguswa, jumla ingekuwa 20 x 24 x 30, yaani wati-saa 14,400 au unit 14.4.

Hasara ya kiasi hicho hutegemea pia namna umeme unavyouzwa. Katika bei zilizotangazwa Tanzania mwaka 2016, mteja wa kundi la matumizi madogo alitozwa shilingi 100 kwa kila unit hadi kufikia unit 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila unit iliyozidi hapo. Familia iliyotumia unit 80 ililipa shilingi 7,500 kwa unit 75 za kwanza na shilingi 1,750 kwa tano za juu, jumla shilingi 9,250 kabla ya kodi na tozo. Kama kati ya hizo unit 80 zilikuwamo 14.4 za kusubiri, kuziondoa kungeishusha familia hadi unit 65.6, yaani shilingi 6,560. Matumizi yangepungua kwa asilimia 18, lakini malipo yangepungua kwa asilimia 29. Bandu bandu huisha gogo. Na gogo hili huisha upesi zaidi upande wa mfuko.

Kwa nini chombo hula kikiwa kimya

Umeme ufikao nyumbani ni mkondo geu wa volti 230 hivi, ilhali sakiti za elektroniki huhitaji mkondo mnyofu wa volti chache. Kwa miaka mingi kazi ya kupunguza volti ilifanywa na transfoma nzito ya chuma na waya wa shaba. Transfoma ikiunganishwa na umeme, usumaku wa kiini chake hugeuka mara nyingi kwa kila sekunde, hata kama hakuna kitu kinacholishwa upande wa pili. Kugeuka huko hupoteza nishati, na mikondo midogo inayozunguka ndani ya chuma chenyewe huongeza upotevu. Nishati hiyo hugeuka joto. Ndiyo sababu chaja ya zamani, ile nzito kama jiwe, huwa na uvuguvugu hata isipochaji kitu.

Katika redio nyingi za zamani swichi iliwekwa baada ya transfoma. Msikilizaji alipozima redio, sauti ilikatika, lakini transfoma ilibaki kwenye umeme kama kawaida.

Chaja za kisasa hufanya kazi kwa njia nyingine. Transista hukata na kuunganisha umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa sababu ya kasi hiyo transfoma ndogo sana yatosha. Pasipo mzigo, sakiti hujipumzisha yenyewe. Chaja nzuri ya simu iliyoachwa kwenye soketi huweza kutumia wati 0.1 tu, yaani kama unit 0.9 kwa mwaka mzima. Hivyo mtu anayechomoa chaja ya simu kwa bidii, huku televisheni ikiwaka sebuleni bila mtazamaji, ameshika dogo na kuacha kubwa. Televisheni ya wati 100 ikiwaka saa moja hutumia nishati sawa na chaja hiyo kwa saa 1,000.

Kutoka sebuleni hadi bwawani

Wati 10 za nyumba moja ni kitu kidogo. Katika nyumba milioni moja ni megawati 10 zinazohitajika usiku na mchana. Kituo cha umeme cha Nyumba ya Mungu, kwenye mto Pangani, kina uwezo wa megawati 8. Kwa maneno mengine, kituo kizima kama hicho kingefanya kazi kwa nguvu zake zote bila kutosheleza vyombo ambavyo hakuna mtu anayevitumia.

Hesabu ya maji huonyesha jambo hilo kwa njia nyingine. Tani moja ya maji ikianguka mita 100 hutoa jouli 981,000 hivi. Basi ili kupata unit moja zahitajika karibu tani 3.7 za maji, hata kama mitambo na nyaya zisingepoteza chochote. Chombo cha wati 5 kinachosubiri mwaka mzima kitakuwa kimepitisha kama tani 160 za maji. Wakati wa ukame wa mwaka 2006, mabwawa ya Tanzania yalipopungukiwa maji na umeme kugawiwa kwa zamu, thamani ya tani hizo ilieleweka bila mwalimu. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo ya megawati 2,115, limeongeza sana uwezo wa nchi. Lakini umeme uliookolewa haujengewi bwawa, wala hauhitaji nguzo mpya.

Sheria ya wati moja

Katika miaka ya 1990, mtafiti Alan Meier wa maabara ya Lawrence Berkeley, huko California, alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliopima umeme wa kusubiri katika majumba. Ilibainika kuwa katika nchi zenye viwanda vingi umeme huo ulifikia kati ya asilimia 5 na 10 ya matumizi ya nyumba. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipendekeza kwamba chombo kinachosubiri kisizidi wati 1. Mwaka 2001 Rais George W. Bush aliziagiza idara za serikali ya Marekani kununua vyombo vya kiwango hicho. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2008: kuanzia 2010 vyombo vingi visizidi wati 1, na kuanzia 2013 wati 0.5, isipokuwa vyenye kioo cha kuonyesha habari, ambavyo viliruhusiwa mara mbili ya viwango hivyo.

Kanuni hizo ziliwalazimisha watengenezaji kubadili sakiti, na vyombo vingi vinavyouzwa leo ulimwenguni vimefaidika. Lakini vyombo vilivyotengenezwa kabla ya hapo havikutoweka. Huuzwa kama mitumba, hutengenezwa, hurithiwa, na kuendelea kula kwa mwendo wao wa zamani.

Jaribio kwa wanafunzi

Mita nyingi za LUKU zina taa ndogo inayomweka kila kiasi fulani cha nishati kinapopita. Idadi ya mimweko kwa kilowati-saa moja huandikwa usoni mwa mita. Ikiwa ni 1,000, kila mmweko mmoja ni jouli 3,600.

Zimeni vyombo vyote kama ilivyo desturi ya nyumbani, na friji ichomolewe kwa muda mfupi. Kisha pimeni kwa saa sekunde kati ya mmweko mmoja na unaofuata. Gawanyeni 3,600 kwa sekunde hizo. Ikiwa ni sekunde 180, nguvu ni wati 20. Chomoeni chombo kimoja kimoja na kupima upya. Tofauti itaonyesha mlaji ni nani.

Nguvu ndogo mno huenda mita isiihesabu. Katika hali hiyo washeni taa moja, pimeni nguvu yake peke yake, kisha pimeni taa pamoja na chombo na kutoa. Mita iliyofungwa juu ya nguzo isipandiwe, na mita yoyote isifunguliwe. Hali kadhalika televisheni isifunguliwe, kwa maana kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

La kufanya

Kwanza, punguzeni muda na mwangaza wa televisheni. Mwangaza wa kioo ndio mlaji wake mkubwa. Pili, vyombo vya sebuleni viunganishwe kwenye soketi yenye swichi moja inayofikika, ili usiku vikatwe vyote kwa pamoja. Tatu, mnunuzi wa king'amuzi au redio ya mtumba akipime kwanza, au akiguse baada ya kukaa kimezimwa saa kadhaa: uvuguvugu ni ushahidi. Friji haihusiki na zoezi la kuzima kila usiku, kwani chakula kikiharibika hasara ni kubwa kuliko umeme uliookolewa.

Mwisho, kuna visanduku vinavyouzwa kwa ahadi ya kupunguza gharama mara vikichomekwa tu. Ndani ya vingi mna kapasita. Kapasita huweza kupunguza sehemu ya mkondo unaokwenda na kurudi bila kufanya kazi, lakini mita ya nyumbani haihesabu sehemu hiyo; huhesabu nishati iliyotumika hasa. Kisanduku hicho kinapowasha taa yake ya kijani, kimeongeza mlaji mmoja katika nyumba. Mwanafunzi aliyejifunza kuhesabu mimweko ya mita anaweza kulithibitisha hilo mbele ya wazazi wake kwa dakika kumi, kabla fedha hazijatoka mfukoni.