Je, Wajua? Vipaji tele, vikombe haba

Hapa Kasungami, Lubumbashi, mtoto akisema anakwenda kiwanjani, hakuna anayemwuliza mchezo gani. Ni mpira wa miguu. Leo safu hii inawazungusha kwanza kwenye kriketi, maana huko ndiko swali letu la Lubumbashi linakoonekana bila vumbi: timu ya vijana wenye uwezo ikiporomoka, wakubwa wa mchezo humwadhibu nani?

Je, wajua kwamba kizazi cha dhahabu kinaweza kuanza kwa aibu? Mwaka 2006, mjini Colombo, Pakistan iliingia fainali ya Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 19 ikapata mikimbio, yaani pointi za kriketi, 109 tu. India ilihitaji 110. Ikaishia 71, wapigaji wote wametolewa. Miongoni mwao walikuwamo Rohit Sharma, Ravindra Jadeja na Cheteshwar Pujara, ambaye ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mashindano yale. Mwaka 2024 Rohit huyo huyo aliinua Kombe la Dunia la T20, kriketi fupi, akiwa nahodha wa timu ya wakubwa. Kama bodi yao ingekuwa na hasira za baadhi ya viongozi tunaowajua, angeachwa kulekule Colombo.

Je, wajua kwamba tangu 2016 kijana wa India haruhusiwi kucheza Kombe la Dunia la vijana zaidi ya mara moja? Bodi iliona nafasi zinakaliwa na walewale, na umri unapunguzwa ili zikaliwe tena. Rahul Dravid, aliyekuwa kocha wa vijana hao, alikuwa ameshalaani wizi wa umri hadharani. Hii ni dawa inayogusa chanzo, na ndiyo maana naipenda: haimfukuzi mtu, inafungua mlango kwa anayefuata.

Kenya je? Mwaka 2003 ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la wakubwa, na hakuna nchi nyingine ya Afrika Mashariki iliyowahi kufika hapo. Zikafuata migomo ya wachezaji na ugomvi wa ofisini, hata chama kizima kikabadilishwa mwaka 2005. Januari 2018 vijana wake walipelekwa New Zealand kwenye Kombe la Dunia la vijana, na wenyeji wakawapiga mikimbio 436 huku wapigaji wanne tu wakitolewa. Mwezi uliofuata timu ya wakubwa ilipoteza mechi zote za daraja la pili la ligi ya dunia huko Namibia. Nahodha, kocha na mwenyekiti wa chama wakajiuzulu kwa mpigo. Kujiuzulu kuna heshima yake. Lakini mtoto wa miaka 15 haongezewi mechi hata moja kwa sababu mwenyekiti ameandika barua.

Uganda, haraka: Januari 2022 vijana wake walifungwa na India kwa tofauti ya mikimbio 326. Juma Miyagi, kijana wa mtaa wa Naguru, Kampala, alikuwa kwenye kikosi hicho. Juni 2024 alikuwa na timu ya wakubwa kwenye Kombe lao la kwanza la Dunia, ambako Uganda iliifunga Papua New Guinea.

Je, wajua kwamba wasichana wa Rwanda, majirani zetu wa mashariki, waliiangusha West Indies? Ilikuwa Januari 2023, Afrika Kusini, kombe la kwanza la wasichana chini ya miaka 19. West Indies wote wametoka kwa mikimbio 70, Rwanda ikafika 71. Kabla ya hapo walikuwa wameifunga Zimbabwe, na Henriette Ishimwe akawatoa wapigaji wanne kwa mipira minne mfululizo. Nchi hiyo iliingia shirika la kriketi la dunia, ICC, mwaka 2003 tu, na uwanja wake wa Gahanga ulifunguliwa 2017. Uwanja kwanza, ushindi baadaye.

Sasa tushuke Kasumbalesa, tuvuke mpaka. Je, wajua kwamba Zambia ilifutwa kabisa kwenye kriketi ya dunia? ICC iliisimamisha mwaka 2019 kwa kutofuata masharti ya uongozi, ikaiondoa uanachama 2021, ikairudisha 2025. Piga hesabu. Mvulana wa Ndola aliyekuwa na miaka 13 siku ya kufungiwa alikuwa na miaka 19 mlango ulipofunguliwa. Umri wake wote wa mashindano ya vijana uliyeyuka kwa makosa ya ofisi ambayo hajawahi kuikanyaga. ICC ilikuwa na haki ya kudai utaratibu, sikatai. Ila adhabu ya aina hii humpata kiongozi kwenye wadhifa wake, na mtoto humpata kwenye miaka yake. Wadhifa unaweza kurudi.

Sri Lanka nayo: bodi yake ilisimamishwa na ICC Novemba 2023, na Kombe la vijana la 2024, lililokuwa lichezwe kwake, likahamishiwa Afrika Kusini.

Turudi kwenye mpira wetu, ambako ugonjwa una jina fupi: karatasi za umri. Je, wajua kwamba FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la mwaka 2009, Nigeria? Hutazamwa sehemu ya mfupa inayouwezesha kurefuka. Ikiwa imefunga kabisa, karibu hakika mwenye mkono huo amepita miaka 17. Mwaka 2017 Kongo-Brazzaville iliondolewa kwenye Kombe la Afrika la umri huo baada ya mchezaji wake mmoja kutofika kupimwa. Tanzania ikapewa nafasi, ikaenda Gabon na kutoka sare tasa na Mali, waliokuja kuwa mabingwa. Miaka miwili baadaye Tanzania hiyo ikaandaa fainali hizo yenyewe na kupoteza mechi zote tatu: 4-5, 0-3, 2-4.

Na sisi? Machi 2019, kwenye mchujo wa Kombe la Afrika la chini ya miaka 23, vijana wetu wa Kongo-Kinshasa waliifunga Morocco 2-0 nyumbani, wakapoteza 0-1 ugenini, wakawa wamepita. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikawaondoa: mchezaji mmoja alikuwa na tarehe mbili za kuzaliwa. Kikosi kizima, pamoja na wenye vyeti safi, kikarudi nyumbani. Nafasi ilikwenda Morocco, ambayo nayo haikufika kwenye fainali za Misri. Zambia ilifika.