Je, Wajua? Kiini cha Yai Hupatanisha Mafuta na Siki

Mafuta na siki, hata ukivitikisa vipi, baada ya muda mfupi hutengana. Msuluhishi wao ni kiini cha yai. Kina lesithini, ambayo upande mmoja hushika maji na upande wa pili hushika mafuta, na hiyo ndiyo siri ya mayonesi, sosi laini ya saladi. Piga kiini kimoja na kijiko cha siki au ndimu, kisha dondosha mafuta tone kwa tone bila kuacha kupiga, mpaka rangi ipauke na mchapo wa kupigia uache mistari bakulini. Mayonesi ikikatika, usiimwage! Piga kiini kingine, uichanganye humo kidogo kidogo, itashikana tena. Ila yai hilo ni bichi: wajawazito na watoto wadogo wasipewe.