Redio Inayoongea na Magoti

Msimu wa pamba ukifunguliwa, Mei hivi, Bariadi mkwanja unatembea. Mwana aliyekuwa anakopa vocha juzi leo ana wekundu wa Msimbazi mfukoni, na kama tayari ana ndinga, hela ya kwanza inaenda kwenye sabufa. Inchi 12, boksi limevalishwa zulia, amplifaya ina taa ya bluu, buti la IST limejaa mpaka begi la mgeni halina pa kukaa. Akikatiza mjini vioo vya maduka vinatetemeka, madogo wanakimbiza gari, mzuka juu. Ila muulize demu aliyekaa siti ya mbele msanii kaimba nini. Kasikia dum dum dum. Maneno hana.

Bifu langu na wana liko hapo. Mkoa mzima wa Simiyu tunanunua besi wakati tunachokosa ni trebo, na trebo ni bei chee kuliko hiyo sabufa uliyoikopea. Tena sehemu kubwa ya hiyo trebo iko humo humo kwenye redio iliyokuja na gari bandarini. Haijafika tu masikioni mwako.

Sikio la binadamu linasikia kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000 ukiwa bado dogo. Umri ukisogea, huko juu kunapungua. Sabufa mishe zake ni chini ya hezi 100 hivi. Sauti ya mtu, ile inayokufanya uelewe anachosema, iko mbali na hapo: uzito wa maneno uko kati ya hezi 1,000 na 4,000, na zile s, f na sh zinapanda mpaka 8,000. Juu zaidi ndo kuna matoazi, kayamba na mkwaruzo wa vidole kwenye nyuzi za gitaa. Kata huko juu, msanii anabaki anaguna tu.

Na hili Usukumani hatukupaswa kufundishwa na mtu. Bagalu na Bagika wanapimana ubavu tangu karne ya 19: makundi mawili ya ngoma, uwanja mmoja, aliyevuta umati ndo mshindi. Manju hakuwa na maiki. Ngoma zinapigwa, watu wanashangilia, na bado ujumbe wake unamfikia bibi aliyesimama nyuma kabisa, kwa sababu sauti yake inapita juu ya ngoma, haigombanii nafasi nazo. Sikiliza hata hizi nyimbo za Kisukuma zinazopigwa minadani siku hizi: gitaa linakimbia juu juu, jamaa anaporomosha majina ya watu na vijiji bila kuvuta pumzi. Ukizipiga kwa besi tupu umetupa nusu ya mzigo.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Ndinga nyingi za huku ni za mkono wa pili kutoka Japani: IST, Passo, Spacio, Noah, na zile Probox za abiria, michomoko. Fungua plastiki ya mlango wa mbele, mara nyingi unakuta spika moja ya kama sentimita 16, koni ya karatasi, sumaku ndogo, imebebeshwa kazi zote kuanzia besi mpaka matoazi. Sio kimeo. Ishu ni inakotazama. Sauti nzito inasambaa kila upande, haijali umekaa wapi. Sauti kali haina tabia hiyo: kwenye spika ya upana ule, kuanzia kama hezi 2,000 kwenda juu, inaanza kujibana na kwenda mbele moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Na mbele ya spika ya mlangoni kuna nini? Goti lako. Trebo yote inaishia kwenye jinzi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata jero, kaa siti ya dereva, pandisha vioo, weka ngoma unayoijua neno kwa neno. Rudisha kila kitu sifuri, besi na trebo, na uzime ile mitindo ya ukumbi na tamasha iliyojazwa kwenye menyu. Hiyo inazingua kinoma, inaongeza mwangwi ndani ya gari lisilotosha hata watu watano. Kitufe cha LOUD nacho kizime. Kimewekwa kwa ajili ya kusikiliza kwa sauti ya chini, ukikiacha huku umefungulia redio kinajaza besi juu ya besi. Halafu shusha besi hatua mbili kabla hujagusa trebo. Masela wengi wanapeleka vyote viwili mwisho kabisa, na hapo hawajabadilisha kitu zaidi ya kuikaba redio koo. Mwisho, sogeza sauti mbele kidogo, maana spika za nyuma zinakiimbia kisogo chako.

Kagua pia unachoilisha. Flashi uliyojaziwa nyimbo na dogo wa kompyuta, nyimbo mia kadhaa kwa hela ya chai, nyingi zimevutwa YouTube zikabanwa mpaka mp3 ya kilobiti 128. Faili la hivyo kwa kawaida linakatwa kwenye kama hezi 16,000, na hata chini ya hapo matoazi yanakuwa na mlio wa majimaji. Hata twita, ile spika ndogo ya sauti kali, haiwezi kurudisha kilichotupwa kabla wimbo haujaingia kwenye flashi. Mwambie dogo unataka za 320 zilizotoka kwenye chanzo safi, na akikuletea stori, sepa.

Kinachonivunja mbavu ni kile kidude cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, kinachochukua wimbo kwenye simu na kuurusha kwa FM. Redio ya Kijapani ya miaka ya nyuma inaanzia megahezi 76 na kuishia 90, kwa sababu kwao FM ilikaa hapo. Kidude kinaanzia 87.5. Hesabu mwenyewe: wote tumebanana kati ya 87.5 na 90. Nenda stendi asubuhi, michomoko imepangwa inasubiri abiria wa Lamadi. Ya kwanza inapiga kwaya, ya pili suka kaachia singeli, na katikati ya kwaya singeli inachungulia. Suka wa kwaya anashuka na hasira zake.

“Oya, hama hapo kwenye 88!”

“Nihamie wapi sasa, mwanangu?”

Na kweli hana pa kwenda. Hata bila huo ugomvi, FM haipitishi sauti iliyo juu ya hezi 15,000, na kidude chenyewe kinaongeza mkwaruzo wake. Kama redio yako ina tundu la oksi, hata likiwa limejificha nyuma yake ndani ya dashibodi, waya mmoja unamaliza kesi. Simu ipandishe karibu na mwisho, kupunguza kufanyike kwenye redio.

Kwa wanaosikiliza stesheni zenyewe, kuna kile kiboksi cha kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa ili redio ya Kijapani ipate zilizo juu ya 90. Poa, kinafanya kazi. Ujue tu kwamba mawimbi yakiwa hafifu, redio nyingi za gari zinapunguza trebo zenyewe na kugeuza stereo kuwa mono ili usisikie mkwaruzo. Ukitoka Maswa unaelekea Mwanhuzi na Sibuka FM ikaanza kufifia, usimpigie fundi simu ya matusi.

Haya, twita. Jozi moja, za kuba la kitambaa kama mfuko unaruhusu, maana zinatulia masikioni kuliko zile ngumu zinazochoma. Hiyo 500W iliyoandikwa kwenye boksi ni magumashi, ipotezee. Angalia kapasita iliyofungwa kwenye waya wake, kwa sababu ndiyo inayozuia besi isiingie, na besi inaua twita fasta. Kwa twita ya omu 4, kapasita ya maikrofaradi 4.7 inaanza kuruhusu sauti kwenye kama hezi 8,500. Hapo unapata matoazi, lakini mwimbaji bado yuko miguuni. Weka ya maikrofaradi 10, kiwango kinashuka mpaka karibu 4,000, na mtu mzima anapanda kutoka kwenye pedeli mpaka usawa wa usukani. Mimi naipenda hiyo ya 10, ila inataka twita inayojiweza. Zile za bei chee hazimalizi wiki. Na kapasita iwe ile isiyo na chanya wala hasi.

Kuhusu pa kuifunga: kona ya ndani ya saiti mira, au juu ya dashibodi ikitazama kioo cha mbele ili sauti igonge kioo na kurudi kwako. Baadhi ya Toyota zina wavu kabisa kwenye kona za dashibodi, ukiubandua unakuta patupu, kwa sababu twita ilikuwa ya gari la daraja la juu. Ukifikiria nguzo ya kioo, isome kwanza. Ikiwa na maandishi SRS AIRBAG, humo ndani eabegi imekunjwa; mtu mwenye drili asisogee.

Ila kabla ya kufunga twita, kagua nyaya za spika. Nimewahi kumtazama fundi mmoja wa mjini, kijana tu, akipima spika za Probox chini ya mwarobaini. Alichukua betri ya saa ya ukutani, ile ya volti 1.5, akagusisha nyaya: tak. Koni ikaruka nje. Akazungushia selotepu nyekundu kwenye waya wa chanya. Akaenda mlango wa pili akashika nyaya zile zile kwa rangi zile zile: tak, koni ikazama ndani.

“Aliyekufungia mwanzo kakuchanganyia, bosi.”

Milango miwili ikisukuma kinyume, besi inajifuta yenyewe na mwimbaji anakosa pa kusimama. Suka alikuwa ameshaulizia bei ya sabufa, kumbe ni waya mmoja uliogeuzwa. Twita zikafungwa hapo hapo, na safari ya kwanza mama mmoja wa siti ya kati akasikiliza ngoma ile ile iliyokuwa inapigwa kila siku, safari hii mashairi yote yanasikika. “Mwanangu, hebu toa hiyo, tuna watoto humu.”

Mlango nao una mambo yake. Ni bati jembamba lenye matundu, na barabara yetu ya vumbi inalitikisa mpaka kila klipu inaimba. Mduara wa sponji kuzunguka spika, unaobana plastiki ya mlango, unalazimisha sauti itoke kwako badala ya kupotelea ndani. Karatasi za mpira mzito wenye gundi na foili zikibandikwa kwenye bati zinanyamazisha makelele. Sasa kuna wana wanajaza pamba, si tuko Simiyu bwana. Ndani ya boksi la sabufa lililofungwa vizuri, pamba kidogo ni akili, inatuliza hewa na boksi linafanya kazi kana kwamba ni kubwa zaidi. Mlangoni usijaribu. Maji ya mvua yanashuka na kioo, yanaingia mlangoni na kutokea matundu ya chini. Pamba inayanywa yote, na kutu inakula mlango kuanzia ndani.

Kuna atakayekuambia tupa hiyo redio, weka ya Android yenye skrini kubwa. Ukitaka kamera ya nyuma na ramani, sawa, ni mkwanja wako. Kwa ajili ya trebo pekee ni kupigwa, kwa sababu skrini mpya itaendelea kuongea na magoti kupitia spika zile zile. Na ukiamua kubaki na redio ya Kijapani, chunga sana siku ya kubadili betri: nyingi za navigesheni zikikosa umeme zinajifunga na kudai namba ya siri kwa Kijapani. Kabla hujachomoa, muulize fundi ana njia gani ya kuifungua. Akisema tutaona, nenda kwa mwingine.

Imebaki nguvu. Ile 50W mara 4 iliyoandikwa usoni mwa redio ni ya kupigia picha. Umeme wa gari ni kama volti 14, na kwenye spika ya omu 4 unapata kama wati 20 za kweli. Ukilazimisha zaidi, wimbi linakatwa kichwa, na wimbi lililokatwa linazaa makali ya bandia yanayokwenda moja kwa moja kwenye twita. Ndo maana twita nyingi zinaungua kwenye redio dhaifu iliyofunguliwa mwisho. Kaa robo tatu ya voliamu.

Bado haitoshi? Hapo ndo nunua amplifaya ndogo ya chaneli 4. Waya wa chanya utoke betrini na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, sio kule kwenye amplifaya. Hasi ifungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi mpaka bati ling'ae. Ukisikia mlio mwembamba unaopanda kila ukikanyaga mafuta, ama hasi imeshika vibaya ama waya wa sauti umelazwa pamoja na waya wa umeme. Mmoja upite kushoto kwa gari, mwingine kulia. Washa injini, kanyaga mafuta fundi akiwepo, na mlio ukiwepo usimalizie hela yake.