Kodi ya Miezi Sita, Mshahara wa Mwezi Mmoja

Mshahara wa mpangaji wa Dar es Salaam huingia kila mwezi, ila wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka mzima. Hapo ndipo bajeti nyingi huanguka, kuliko kwenye soda na vocha zinazolaumiwa kila siku.

Chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi hakimtishi mtu anayelipwa 450,000. Siku ya kodi, hata hivyo, zinatakiwa 480,000: mshahara wote umekwisha na bado haujatosha, na unga, nauli na umeme wa LUKU havingoji. Asiyeweka akiba hukopa. Mikopo ya mitaani watu wameibatiza kausha damu, na hawakukosea. Hata ya simu si myepesi kama inavyoonekana. M-Shwari, iliyoanza Kenya mwaka 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Aliyekopa 10,000 alirudisha 10,750. Akiurudia mkopo huo miezi kumi na miwili, ada peke yake inafika 9,000.

Ndiyo maana la kwanza kutengwa, mshahara ukiingia tu, ni lile lenye tarehe inayojulikana. Zile 80,000 hutoka kabla ya kitu kingine chochote, zikawekwa mbali na simu inayolipia mboga, maana fedha iliyo karibu na mkono haikai. Januari nayo, shule zinapofunguliwa, huitwa dharura, ingawa haijawahi kuja Juni. Ada katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari ni vya mzazi. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA vinavyogawana Desemba huwafaa wanachama hasa kwa sababu hiyo, iwapo mgawo hautaishia kwenye pilau ya Krismasi.

Chakula hakibaniki sana. Mwaka 1857 Mjerumani Ernst Engel, akichunguza matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, aligundua kuwa kadiri familia ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake inavyokwenda kwenye chakula. Kinachoweza kubadilika ni namna ya kununua: mafuta ya kupima kila jioni, mwisho wa mwezi, huwa yamezidi bei ya dumu.

Mchango wa harusi ni mgumu zaidi. Kuuita anasa ni kutoijua mitaa yetu, kwani asiyechanga hukosa wa kumchangia zamu yake ikifika, iwe harusi au msiba. Basi na uwe na fungu lake. Likiisha, kadi inayofuata ijibiwe kwa pongezi na ahadi ndogo. Kadi hizo, pamoja na unga na nauli, zinagombea 370,000. Zile 80,000 nyingine ni za mwenye nyumba tangu siku mshahara ulipoingia.