Furaha ya Baiskeli Isiishe Upesi

Mtu anunuapo baiskeli mpya, mwezi wa kwanza huitunza kama yai. Huifuta vumbi asubuhi na jioni, hutafuta sababu ya kwenda dukani hata kama sukari ingalipo nyumbani, na watoto wa jirani hawana ruhusa ya kuigusa kengele yake. Baada ya mwaka mmoja utaiona imeegemezwa nyuma ya ghala la mahindi, kuku wamelala juu ya keria, na mwenyewe yuko barabarani akingojea matatu. Ukimwuliza, atakwambia kwamba magoti yamuuma, au kwamba kazi ni nyingi.

Hasara yake si chuma kinachopata kutu tu. Karani akaaye kitini mchana kutwa amejinyima zoezi la pekee alilokuwa nalo, na juu ya hayo hulipa nauli mara mbili kila siku.

Wala si ajabu mtu kuchoka. Aendaye kazini kwa njia moja, saa ile ile, akiogopa kuchelewa, hakawii kuiona baiskeli kuwa sehemu ya kazi. Mkulima apelekaye maziwa kila alfajiri huona vivyo hivyo. Safari hizo ni za lazima, lakini yafaa baiskeli ipewe pia safari yake yenyewe, isiyo na mzigo wala saa. Alasiri moja kwa juma yatosha. Siku hiyo shika njia usiyoijua: ile ipitayo katikati ya mashamba ya chai, au ishukayo mtoni. Barabara kuu za malori ziepuke. Hakuna anayefurahi huku akisikia honi mgongoni.

Tena usiende peke yako. Apandaye mlima peke yake huuhesabu. Wapandao wawili hupiga soga hata wakajikuta juu. Huko Kikuyu, karibu na Nairobi, mwendeshaji mashuhuri David Kinjah aliwakusanya vijana, akawafundisha kuendesha baiskeli na kuzitengeneza kwa mikono yao wenyewe. Kikundi chao chaitwa Safari Simbaz. Mmoja wa waliojifunza kwake alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, ambaye baadaye alishinda mashindano ya Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Wengi husifu ushindi huo. Mimi husifu zaidi yale yaliyoutangulia, yaani kijana kupanda vilima pamoja na wenzake zamani kabla ya kujulikana na mtu.

Lakini katika kundi la kawaida, aliye dhaifu na atangulie penye mlima. Vijana wetu hupenda kushindana, na aachwaye nyuma kila mara haonekani tena juma lifuatalo. Kushuka na kuisukuma baiskeli penye mwinuko mkali si aibu hata kidogo.

Sasa nirudi kwenye yale magoti. Mara nyingi kosa si la magoti bali la kiti kilichowekwa chini mno. Keti, kisha weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukiwa umekunjwa, inua kiti. Mnyororo mkavu nao huiba nguvu, na tairi laini huiba zaidi. John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama mjini Belfast, aliyepata hati ya tairi yake ya upepo mwaka 1888, aliitengeneza kwanza kwa ajili ya baiskeli ndogo ya mwanawe yenye magurudumu matatu, mtoto asitikiswe na njia mbaya. Haifai basi mtu mzima aende na tairi isiyo na upepo, na pampu anayo nyumbani.

Sisi makarani tumezoea madaftari, na hata hapa daftari lina kazi. Andika tarehe, njia uliyopita, kilometa, na jambo moja uliloliona: daraja jipya, mti usioujua jina, mama auzaye ndizi tamu. Liache mezani. Mtoto akishajua kusoma, yeye ndiye atakayekuuliza kwa nini ukurasa wa mwezi huu ni mtupu.